Shimo Nyuma ya Banda la Kuku

Mama Ercilia aliingia shimoni nyuma ya banda lake la kuku, akakaa kwenye tope na kukataa kutoka.

"Nifukieni humu humu," alisema. "Bonde lote hili, mmekosa pengine pa kuchimba?"

Yasna alimtazama mama yake kwa aibu na huruma. Wiki nzima yeye na mwenzake Gastón walikuwa wakichimba mashimo Llolma, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya Chile alikozaliwa, wakitafuta alama za tsunami za zamani. Halmashauri ilitaka kujenga shule bondeni, na kwanza ilitaka kujua maji yakija hufika wapi. Wanakijiji waliwapokea vizuri. Aliyewapinga alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyemzaa Yasna.

"Mama, shimo lenyewe linafika kifuani tu."

"Leo kifuani. Kesho je?"

"Kesho kutwa tunatokea China," Gastón alidakia. "Tutakuletea vikombe vya chai, mama."

Mama Ercilia hakucheka. Alizidi kujikunyata kwenye tope.

Yasna aliijua hofu hiyo, maana hata yeye alikuwa nayo. Alikuwa na miaka tisa usiku ule bahari ilipoingia kijijini. Alikumbuka mama akimbeba kupanda kilima gizani, nyumba zikivunjika chini yao, na yeye akilia, "Baba yuko wapi?" Baba yake, Eleuterio, alikuwa baharini siku zile. Mama alimwambia kwamba alirudi usiku wakati yeye amelala, na ardhi ilipotikisika akashuka kwenda kuifunga mashua. Hakuonekana tena. Tangu hapo mama hulala amevaa viatu. Na Yasna akaenda kusomea matetemeko, ili asiwepo mtoto mwingine wa kumlilia baba yake kilimani.

Alimpa mama yake mkono, akamtoa shimoni taratibu.

"Huo mchanga mnaoutafuta," mama aliuliza akijifuta tope, "mnajuaje ni wa lini?"

Yasna alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza mama kumuuliza habari za kazi yake. Alimwonyesha ukuta wa shimo: udongo mweusi mtupu, na katikati yake mstari mwembamba wa mchanga mweupe.

"Huu ndio wa usiku ule. Maji yaliutandaza bonde zima kama shuka. Kilicho juu yake kimekuja baadaye, kilicho chini yake kilikuwepo kabla. Mtu akichimba baadaye, anaukata. Na ukishakatika, hauungani tena."

"Hata miaka ikipita?"

"Hata ipite mia, mama."

Mama Ercilia aliutazama mstari ule kwa muda. Kisha akaingia ndani kuwaandalia chai.

Walikuwa mezani, mkate wa moto mkononi, ardhi iliponguruma. Vikombe viliruka. Kabati likaanguka kifudifudi. Tetemeko halikutaka kwisha, na Yasna alijua vizuri kuliko wote maana ya tetemeko lisilotaka kwisha. Lilipolegea tu, king'ora cha ufukweni kikaanza kulia.

"Kilimani!" alipiga kelele. "Mama, kilimani!"

Njia ilijaa watu, watoto mgongoni, mbwa wakibweka. Katikati ya mteremko Yasna aligeuka kumshika mama yake mkono, akakuta ameshika hewa.

Akatazama chini. Mama Ercilia, aliyeiogopa bahari kuliko mtu yeyote Llolma, alikuwa akikimbia kuelekea bondeni.

"Usishuke, Yasna! Utakufa!" Gastón alimshika koti. Alilivua, akamwachia.

Alishuka mbio. Kila mara alitupa jicho baharini, na kila mara alidhani inasogea. Nyuma ya banda la kuku ukuta mmoja wa shimo ulikuwa umeporomoka, na mama yake alikuwa ndani akipiga koleo, akirudisha udongo kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto, uliovunjika Yasna akiwa mdogo na kamwe haukunyooka tena, ulining'inia tu.

"Mama, umerukwa na akili? Maji yanakuja!"

"Nenda! Nenda zako, niache!"

Yasna aliruka ndani amvute kwa nguvu. Kitu kikavunjika chini ya mguu wake kama kijiti kikavu. Akainama, akafukua kwa vidole chini ya ukuta ulioporomoka. Ulikuwa mfupa. Kando yake ukatokea mwingine, kisha koti la mvua la manjano, kisha mkanda wenye bizimu ya shaba yenye umbo la nanga. Llolma nzima, ni mtu mmoja tu aliyekuwa na bizimu ile.

"Baba," alisema.

Miaka yote wamemtupia maua baharini, kumbe yuko nyuma ya nyumba yake. Alipiga magoti, akamkumbatia mama yake, akilia kama mtoto wa miaka tisa.

"Maji yalimrudisha, mama! Yalimrudisha mpaka nyumbani!"

Mama Ercilia alizidi kulikamata koleo. King'ora kiliendelea kulia.

"Twende sasa," Yasna alimbembeleza. "Tutarudi tumzike."

Aliinua uso kutoka begani kwa mama yake ili ainuke. Mbele ya macho yake, kwenye ukuta uliobomoka, mchanga mweupe wa usiku ule ulipita juu ya baba yake, na juu ya udongo mweusi mzito uliomfunika, umenyooka toka ukingo hadi ukingo, haukukatika popote.