Sauti Itangulie

"Mama, sema tena," nilisema, lakini simu ilinirudishia vipande vya maneno tu. Kule hospitalini dada alikuwa ameshika simu yake karibu na mdomo wa mama, na daktari alikuwa amesema mama hataiona kesho.

Kambini kwetu kazini wote tulitegemea dishi moja la intaneti juu ya paa, na wenzangu walikuwa ukumbini wakitazama fainali kwa mtandao huohuo.

Fundi mitambo wa kambi, niliyekuwa naye kwenye chumba cha mitambo, alinitazama. "Njia ya setilaiti ni nyembamba, ndugu yangu. Nikitanguliza sauti yako, mpira wao utaganda."

Hakungoja jibu. Akabonyeza kitufe kwenye kompyuta yake.

Ukumbi ukalipuka. "Wee fundi! Penalti hiyo! Una roho gani wewe?"

"Mwenzenu anaagana na mama yake!" fundi akawapigia kelele.

Ndipo nikamsikia mama vizuri, pumzi na yote, kana kwamba ameketi kitandani pangu.

"Nani hao wanaopiga kelele?"

"Wenzangu, mama. Tumewakatia mpira."

Akacheka kicheko chake kile cha puani. "Wape pole. Na uwaambie asante."

Nilipofungua mlango niwaambie, walikuwa wameshazima televisheni na simu zao zote, simu zikiwa zimelala kifudifudi mezani.