Mikono ya Fuko

Kiangazi kilipokausha mizizi, Fuko alichimba njia ya kuwapeleka wanawe bondeni kwenye maji. Kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa mnene na wenye nguvu kuliko wa kushoto, njia ilipinda mpaka akaibukia mlangoni pake.

“Karibu nyumbani, bwana safari!” Jirani yake Mhanga, mchimba mashimo mwenzake, alimcheka.

Fuko akaupumzisha mkono wa kulia, akautumikisha wa kushoto peke yake. Ukanenepa kupita kiasi. Njia ikapinda upande wa pili, akaibukia pale pale. Mwanawe mdogo alikuwa amekwisha kufa kwa kiu.

Safari hii Mhanga hakucheka. “Ndugu yangu, mkono mnyonge utangulie, na wenye nguvu usiuzidi hata kidogo.”

“Nitachelewa!”

“Haraka yako imekurudisha nyumbani mara mbili.”

Fuko alichimba polepole, mikono ikalingana, njia ikanyooka. Wanawe walipoinama kunywa, aliwahesabu, kisha akawahesabu tena.