Waliokataa Chakula cha Rebbe

Siku Rebbe mzee, kiongozi wa dini wa Wayahudi wa Dubrivke, alipozikwa, mwanawe Yekusiel alifungua kabati takatifu la sinagogi akakuta magombo matatu ya Torati badala ya manne. Gombo la babu wa babu yake, lililorithiwa kutoka Rebbe hadi Rebbe, halikuwapo.

"Liko wapi, Fishl?" alimuuliza mtunza sinagogi.

"Liko salama, Rebbe."

"Salama wapi?"

Fishl akatazama viatu vyake.

Yekusiel alikuwa safarini baba yake alipofariki. Aliambiwa tu kwamba mzee alizidiwa Alhamisi asubuhi, katikati ya sala, mbele ya watu wote. Na pale Dubrivke hakuna aliyewahi kukalia kiti cha Rebbe bila gombo lile. Wiki moja baadaye mchuuzi wa chumvi akamwambia amemwona Fishl huko Lunin, akishusha garini kitu kirefu kilichofungwa shuka. Lunin ndiko alikoishi Ushe, mdogo wake Yekusiel.

Hakuuliza tena.

Siku thelathini za msiba zilipokwisha, Jumanne, aliandaa karamu ya mchana. Alionja samaki, kisha akaisukuma sahani ipite mezani, kama baba yake alivyofanya, ili kila mfuasi apate baraka ya mabaki ya Rebbe wake. Zamani watu waliyagombania mabaki hayo hadi ndevu zikaingia kwenye mchuzi. Safari hii kila mmoja alichukua kipande, akakifunga kwenye leso, akakitia mfukoni.

"Vipi, Bwana Gimpl? Samaki wangu ana miiba mingi kuliko wa baba?" Yekusiel alimuuliza mfuasi aliyeketi karibu naye.

"La, Rebbe. Nitakula nyumbani."

"Au Ushe ndiye anayejua kupika?"

Gimpl akaisukumia sahani kwa jirani yake.

Sabato iliyopita, mezani pake, walikuwa wamekula wakashiba. Lakini nani angethubutu kumnyima Mungu Sabato yake? Aliyenyimwa leo ni yeye Yekusiel. Akageukia mlango wa jikoni, alikosimama mama yake. Kipande cha mama nacho kilikuwa kimefundikwa kwenye pindo la aproni.

"Hata wewe, Mama?"

"Baadaye, mwanangu."

Hapo moyo ulimkatika. Kesho yake alifanya jambo ambalo hakuna Rebbe wa ukoo wao aliyewahi kulifanya: alimwandikia mkuu wa polisi wa mfalme, akamtaja Fishl kuwa mwizi. Alhamisi askari wakaja wakamchukua Fishl.

Mama aliingia bila kubisha hodi, akamwita kwa jina la utotoni.

"Umefanya nini, Yekl?"

"Mmenisaliti! Gombo mmempa Ushe, na chakula changu mnakitia mfukoni kama mifupa ya mbwa!"

Mama aliketi polepole, akishikilia meza.

"Gombo liko Lunin kwa mwandishi, analikagua herufi kwa herufi. Baba yako alianguka nalo, Yekl. Kabla hajakata roho akatuapisha tusikwambie, usije ukamkumbuka hivyo. Na kila aliyeona Torati ikigusa sakafu hufunga siku arobaini, mchana hali wala hanywi, isipokuwa Sabato, ambazo hazihesabiwi. Zimebaki kumi."

Fishl yumo katika jela ya wilaya, na bado anafunga.