Kuvu Lililoitikia Marahaba

"Wewe ndiye uliyeliamkia!"

"Nilikuwa natania, Mwajabu, nilikuwa..."

"Mtu mzima na ndevu zako, unatania na shikamoo?"

"Sasa ningejuaje kwamba litaitikia?"

Mbaruku na mkewe walikuwa uani, mbele ya mfenesi. Mwajabu ameshika shoka. Mti ulikuwa ukatwe leo wapate pa kujenga chumba cha mama yake, maana mama anafika Ijumaa na wao wana chumba kimoja tu. Lakini tangu makuvu ya miti yafungiwe vipaza sauti yaweze kusema, sheria ni hii: anayeitikia "marahaba" ndiye mkubwa wa nyumba, na bila ruhusa yake hakihamishwi hata kigoda. Asubuhi, Mbaruku na mswaki wake mdomoni akaliamkia kuvu la kwenye gome kwa mzaha. Likaitikia polepole, kwa sauti nzito, kama babu aliyeshiba.

"Basi liombe ruhusa."

"Usiseme 'liombe', sema 'muombe'. Ni mzee sasa."

"Mzee gani, ukurutu huu wa mti?" Mwajabu akashusha shoka. "Haya. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Tunaomba tukate mti. Mama yangu anakuja, hana pa kulala."

Kingo nyeupe za kuvu zilisogea kidogo kwenye gome, au labda ni macho yao tu.

"Mama ana mume?"

Wakatazamana.

"Mjane," Mbaruku akajibu, hata hajui kwa nini anajibu.

"Sasa chumba cha nini?" kuvu likasema. "Mimi naomba kumposa."