Kicheko Nyuma ya Simu

Kosa la fundi gereji lilikuwa kumwamini mkewe na kuacha mlango wazi.

Kila jioni alikaa mkekani na binti yake wa chekechea, wakitazama video za kujifunza kusoma. Mwalimu akitamka "ba, be, bi," nao wanafuatisha. Kwamba mtu mzima yule hajui kusoma, ilikuwa siri ya nyumba.

Leo gereji ilimpokea kwa kwaya: "Ba, be, bi, fundi!"

Mwenzake akamwonyesha video kwenye simu. "Imefika mpaka kwa mama yangu, bwana. Kacheka mpaka meno yakamtoka."

Fundi akajiona: mdomo wazi kama kifaranga, kidole chenye grisi kimeganda chini ya herufi, binti anakisukuma taratibu. Nyuma ya kamera mtu anacheka. Kicheko kile ndicho kilichomfanya aoe.

"Utani tu, baba watoto," mkewe alisema jioni nyumbani, akiosha vyombo. "Watu wamekupenda. Soma walivyoandika."

Mara mkewe akakumbuka anazungumza na nani.

Fundi akafuta kioo cha simu kwa shati, akamsogezea.

"Nisomee wewe, mke wangu. Yote."

Bomba liliendelea kumwaga maji.