Uso Uliokataa Kutoka

Karatasi ilitoka polepole, ikianza na nywele za Elsie. Zikafuata hereni, kola ya gauni la maua, kisha mabega. Mzee Ondiek aliivuta kabla wino haujakauka, akaisogeza karibu na dirisha, akaguna.

"Imemla uso tena."

Hereni zilikuwepo. Maua ya gauni yalikuwepo, mekundu na ya manjano. Ila mahali pa uso palikuwa na ukungu, kana kwamba mtu amepapangusa kwa kidole kilicholowa.

Owen, fundi aliyetoka Kariobangi, alikuwa amepiga magoti kando ya printa, vidole vyake vimegeuka buluu. Aliitazama picha, kisha akamtazama mzee.

"Mzee, mimi naona iko sawa."

"Sawa? Wewe ungempeleka mama yako kanisani hivi?"

Owen aliinamia tena printa. Alifungua kifuniko, akakitoa kichwa cha printa, kile kipande kinachotema wino, akakilaza kwenye sahani yenye maji ya betri, yale yasiyo na tindikali, yaliyopashwa moto kidogo. Wino ulichuruzika kama moshi ndani ya maji.

"Hii kitu nimeiosha kuliko vile mimi huoga," alinong'ona.

"Ukimaliza utaoga. Osha."

Jumapili ingekuwa ibada ya kumkumbuka Elsie, mwaka mmoja tangu wamzike Ugenya. Siku ya mazishi, vijitabu vya ibada vilichapwa kwenye duka moja la mjini, na Elsie akatoka wa kijivu, mdomo umepinda, hata dada yake wa kuzaliwa akauliza mbele ya waombolezaji, "Huyu ni nani?" Ondiek aliapa pale pale, udongo ukiwa bado mbichi, kwamba picha itakayofuata ataichapa mwenyewe, nyumbani kwao Mbotela, na kila atakayeitazama atamjua mkewe. Maisha yake yote katika ofisi za reli alikuwa akisahihisha ratiba za treni kabla hazijachapwa. Angeshindwaje na picha moja?

Owen alikikausha kichwa kwa pamba, akakirudisha mahali pake.

"Toa ile ya majaribio," Ondiek aliagiza.

Ikatoka karatasi ya mistari iliyopangwa kama ngazi: myeusi, ya buluu, ya waridi, ya manjano. Matundu ya wino yakiziba, mistari hukatika. Ondiek aliikazia macho. Ilikuwa imekatika katikati. Akaigeuza juu chini. Bado ilikuwa imekatika katikati.

"Ona! Hapa wino haupiti."

"Wapi, mzee?"

"Hapa nilipoweka kidole! Ama unataka nimwite fundi anayejua kazi?"

Owen alikuna shingo. "Labda ni taa," alisema kwa upole.

Hilo Ondiek hakulikataa. Sebule yake ilikuwa imefifia siku hizi. Juzi alimsalimia jirani yake, Mama Kathini, kibarazani akidhani ni Perez wa kwaya, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Balbu za siku hizi, alimwambia, zimetengenezwa kuuzwa tu, si kuwaka.

Jacklyne, binti yake, aliingia kutoka jikoni na chai. Alikuwa amekuja kwa ajili ya ibada. Picha za mama yake zilikuwa kila mahali, mezani, juu ya viti, nyingine zikiwa zimeanguka chini. Aliiweka sinia, akaokota moja. Akapitisha kidole shavuni mwa mama yake.

"Baba," alisema hatimaye, sauti yake ikitetemeka. "Ametoka. Ni Mama kabisa. Hata kile kishimo cha shavuni kinaonekana."

Ondiek alimwonea huruma. Huzuni humfanya mtu aone anachotamani kuona.

"Hapana, nyara. Binti yangu, wewe unamwona kwa moyo. Watu wa kanisani hawana moyo wako."

"Tafadhali, Baba. Tuchukue hii."

"Mama yako nilimwahidi."

Owen na Jacklyne walitazamana. Ondiek hakuona walivyotazamana. Aliusikia tu ule ukimya, ukamkera.

"Ngojeni," alisema. "Nitawaonyesha alivyokuwa. Mkimwona mwenyewe, mtanyamaza."

Juu ya kabati palikuwa na picha halisi, ile ya studio, ndani ya fremu yake ya mbao. Jacklyne aliipiga picha kwa simu wakati wa matanga, na hiyo ya simu ndiyo ambayo printa ilikuwa ikihangaika nayo. Tangu walipotoka mazishini, Ondiek alikuwa ameifunga ndani ya leso ya Elsie na hakuthubutu kuifungua. Sasa aliifungua fundo kwa fundo. Harufu ya mafuta yake ya nywele ilikuwa bado imeng'ang'ania kitambaa.

Akatoka na fremu hadi kibarazani, kwenye jua la mchana, ambapo hapakuwa na balbu ya kulaumiwa.

Hereni zilikuwepo. Maua ya gauni yalikuwepo.

Alisugua kioo kwa mkono wa shati. Akahema, akasugua tena, kwa nguvu, hadi fremu ikalia.

"Nyara," aliita bila kugeuka. "Njoo uone kilichompata mama yako."

Alisikia ndara zikija mbio. Akageuka.

Jacklyne alisimama mbele yake, juani. Hereni za mama yake ziling'aa masikioni mwake, moja huku, moja kule, na katikati, mahali pa uso, palikuwa na ukungu uleule.