Jina la Nane

Haya wajukuu, kitendawili! Nyumba yangu ilikuwa na nguzo kumi. Zimebaki nne, ikitoka moja tu paa lote chini. Mmeshindwa? Ni ligi ya shule ndogo za Nebraska, kule Marekani, iliyodumu miaka hamsini na minane; nguzo ni shule zenyewe.

Siku ya kusajili timu za futiboli ya Kimarekani, ile ya wachezaji wanane kila upande, walimu wakuu wanne waliketi mezani na mwenyekiti wa ligi. Watatu walishajibu. Akabaki Verna.

"Haya, dada Verna, wachezaji wanane unao?" aliuliza mwenyekiti. Pungufu ya wanane, hakuna timu.

Verna alikuwa amelifunika jina la nane kwenye orodha yake kwa kidole gumba. Asubuhi ile alipita nyumbani kwa kijana mwenyewe, akakuta madirisha hayana mapazia na banda la mbwa ni tupu.

"Au utavaa kofia ngumu ucheze mwenyewe?" mwalimu mkuu mwenzake mmoja alimtania. "Maana mbio zako nazijua, hata kobe anakupita!"

Walicheka. Kalamu ya mwenyekiti ilikuwa imeshagusa daftari. "Wanane, siyo? Niandike?"

Kidole kilikuwa kimelowa jasho, wino wa lile jina ukaanza kusambaa. Verna akakiinua taratibu.

"Saba," alisema.